Waraka wa Barua Pepe Usiochosha Wasomaji

Misikiti na madrasa zetu nyingi sasa zina anuani ya barua pepe. Kamati humteua kijana mmoja mwenye ujuzi wa kompyuta, akakusanya anuani za wazazi, za waumini na za wahitimu walioko Dar es Salaam, Maskati na London, kisha akaanza kuwatumia waraka wa habari kila mwezi. Waraka wa kwanza hupokewa kwa furaha na dua. Wa pili husomwa juu juu. Ukifika wa tano, hulala katika sanduku la mpokeaji bila kufunguliwa. Na siku ambayo kamati ina neno zito la kusema, upepo umeezua paa la madrasa au ustadhi amelazwa na anahitaji damu, wito hutoka na hapana anayeusikia.

Wapo wanaosema kwamba barua pepe imepitwa na wakati na kundi la WhatsApp linatosha. Hatukubaliani nao. Kundi ni kama baraza la jioni. Lina raha yake, lakini hesabu za mchango zilizotajwa saa mbili usiku, ikifika alfajiri zimekwisha kufunikwa na salamu, picha na mizaha. Barua hubaki. Aliyechangia saruji mwezi wa Rajab anaweza kuitafuta mwezi wa Dhulhija na kuona fedha yake ilikwenda wapi. Kwa taasisi inayoshika amana za watu, hilo si jambo dogo.

Kwa nini basi nyaraka hizi hufa mapema? Sababu kubwa tuliyoiona katika nyingi tulizozisoma ni kwamba zinaomba tu. Mwezi huu ni mchango wa mabati, mwezi ujao ni wa futari, unaofuata ni wa zulia, na katikati yake hapana hata mstari mmoja unaoeleza mabati yale yalinunuliwa au la. Jina la mtumaji likishaonekana, msomaji huipita barua kama apitavyo mbele ya duka analodaiwa. Dawa yake ni hesabu. Kila waraka unaoomba utanguliwe na taarifa ya kilichopokewa, kilichotumika na kilichobaki, kwa tarakimu, hata kama kazi imekwama. Msomaji humvumilia aliyekwama akasema. Anayenyamaza humdhania vibaya.

Qur'ani imetupa mfano wa barua iliyosomwa ikazingatiwa. Katika Surat Naml, kuanzia Aya ya 28, Nabii Sulayman (A.S.) anampa hud-hud barua ya kupeleka kwa malkia wa Sabaa. Malkia aliiita barua tukufu, na akawaeleza wakuu wake imetoka kwa nani, imeanza kwa jina la nani, na inataka nini. Hapakuwa na zaidi ya hayo. Mwandishi wa waraka na ajiulize kama wake unaweza kuelezwa kwa ufupi huo. Jina la mtumaji liwe la taasisi au la mtu anayejulikana, si anuani ya herufi na tarakimu iliyofunguliwa miaka kumi iliyopita. Mada, yaani ule mstari auonao msomaji kabla ya kufungua, itaje jambo lenyewe. "Waraka Na. 7 wa Kamati ya Maendeleo" haina habari. "Kisima kimefika mita 60, maji bado" ina habari, na mchangiaji aliyeko Maskati ataifungua akiwa bado kazini. Mstari huo uwe mfupi, kwa kuwa kioo cha simu hukata maneno ya mwisho. Tena uwe wa kweli. Mada ya kutisha iliyowekwa ili watu wafungue tu ni namna ya uongo, na msomaji hatadanganyika mara ya pili.

Ndani ya barua tunapendekeza jambo moja kubwa, na mengine mawili matatu kwa mistari michache. Liandikwe kwa maneno, si kwa bango lenye nakshi linalokula bando la mzazi wa kijijini na lisilosomeka katika simu ndogo. Huduma ya Gmail huikata barua inayozidi kilobaiti 102, na kilichokatwa mara nyingi ndicho kilicho chini kabisa, nambari ya akaunti.

Ufupi wenye uzito si jambo geni katika pwani yetu. Mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1932 akafuatiza gazeti la al-Islah. Makala zake katika Sahifa zilikuwa fupi, zikigusa mambo ambayo wasomaji waliyaona kila siku mbele yao, kama vile elimu na kuwaiga Wazungu bila ya kuchagua lenye manufaa. Baadaye zilikusanywa kuwa kitabu, Uwongozi, na hata leo zinasomwa.

Kuna pia suala la wakati. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Abdullah bin Mas'ud (R.A.) alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi. Mtu mmoja alipotamani awawaidhi kila siku, alijibu kwamba kinachomzuia ni kuchelea kuwachosha, na kwamba Mtume (S.A.W.) naye alikuwa akiwachagulia nyakati kwa kuhofia wasichoke. Ikiwa mawaidha ya Sahaba yalipimwa hivyo, habari za zulia nazo zipimwe. Mara moja kwa mwezi inatosha kwa madrasa nyingi, na siku iwe ile ile ili watu waizoee.

Jambo ambalo kamati nyingi hulidharau ni idhini. Surat Nur, Aya ya 27 na 28, inatufunza kutoingia nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa, na tukiambiwa turudi, turudi. Sanduku la barua la mtu lina hukumu inayokaribiana na mlango wake. Kuchukua anuani kutoka fomu ya usajili wa mtoto au daftari la msibani na kuziingiza katika orodha bila ya kuuliza si adabu, na hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ina la kusema. Njia ya kujiondoa iwekwe wazi chini ya kila waraka. Asiyeiona atabonyeza kitufe cha barua taka, na wakibonyeza wengi, hata wanaoutaka waraka hawataupata. Na kama hamtumii programu maalumu ya kutumia nyaraka, anuani zote ziwekwe kwenye sehemu iliyoandikwa Bcc, ili anuani na majina ya akina mama wa madrasa yasisambazwe kwa watu wasiowajua.

Je, kamati itajuaje kwamba inasomwa? Wengi huhesabu waliofungua, lakini hesabu hiyo imepungua thamani tangu mwaka 2021, kampuni ya Apple ilipoweka katika programu yake ya barua kinga inayofanya barua ionekane imefunguliwa hata kama mtu hakuigusa. Turudi kwa hud-hud. Aliamriwa aifikishe barua, kisha ajitenge na atazame watajibu nini. Majibu ndiyo kipimo. Kila waraka uulize swali moja la kweli, kwa mfano kama darasa la wasichana lihamishiwe Jumamosi asubuhi, na awepo mtu aliyepewa kazi ya kujibu kila anayeandika, kwa jina lake.

Madrasa yenye watoto ina hazina nyingine. Iweke swali moja la Sira mwishoni mwa waraka, jibu lije mwezi ujao pamoja na majina ya kwanza ya watoto waliopatia, kwa ridhaa ya wazazi wao. Mama atasomewa waraka huo na mwanawe kabla hajapata nafasi ya kuufungua mwenyewe.