Utangulizi: Kati ya Shamba na Kiwanda

Kabla sijakutajia jina la taaluma hii, njoo tusimame kidogo kwenye kituo cha majani hapa Masimba, Kisii, alasiri mvua ikinyesha. Wakulima wamefika na majani ya chai waliyochuna tangu asubuhi. Karani anamwaga mzigo mezani, anaupekua kwa vidole akitafuta majani mawili na chipukizi, na shina gumu analiweka kando. Mzigo unatundikwa kwenye mizani ya kielektroniki, kilo zinasomeka, karatasi ndogo inatoka ikiwa na namba ya mkulima na uzito wake. Mama aliyekuwa mbele yangu aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso. Kisha akageuka kutazama barabara, maana lori lilikuwa halijafika, na majani yaliyorundikwa hupata joto na kuanza kuharibika.

Nilianza utafiti huu nikidhani nitashinda viwandani, nikichunguza mitambo. Nilikosea. Mashine inayokatakata na kusaga majani ilibuniwa Assam, India, miaka ya 1930, na kazi yake ya msingi haijabadilika sana. Kilichobadilika, na kinachoendelea kubadilika mbele ya macho yetu, ni yale yaliyo kati ya shamba na kiwanda: mizani, usafiri, mbolea ya mkopo, malipo ya simu, bima, mnada wa Mombasa. Hizo ni huduma. Zinahitajika karibu kilo 5 za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, na katika kila hatua ya safari hiyo kuna huduma inayoongeza thamani au kuipoteza. Shirika la maendeleo ya chai la Kenya, KTDA, lililoanza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kugeuka mwaka 2000 kuwa kampuni ya wakulima kupitia viwanda vyao, kwa mtazamo wa kwanza ni la viwanda. Ukiliangalia kwa karibu, kutoka Kiamokama hadi Kebirigo, sehemu kubwa ya kazi yake ni huduma.

Hapo ndipo taaluma yetu, taaluma ya ubunifu, inapoingia. Inauliza jinsi jambo jipya linavyozaliwa, linavyoenea, nani anafaidika nalo, na serikali ifanye nini au iache nini. Kiswahili kinatusaidia mapema, kwa kuwa kina maneno mawili. Uvumbuzi ni kupata kitu ambacho hakikuwapo au hakikujulikana. Ubunifu, kama ninavyoutumia katika kitabu hiki, ni kukifanya kitu kiingie katika maisha ya watu na kikae humo. Mvumbuzi anaweza kuwa mtu mmoja. Ubunifu huhitaji karani, dereva, benki, sheria na mkulima aliyekubali.

Katika vyuo vikuu fani hii ilipata makao yanayojulikana mwaka 1966, Christopher Freeman alipoanzisha kituo cha utafiti wa sera za sayansi, SPRU, katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza. Mmoja wa waliosomea huko alikuwa Calestous Juma, mwana wa Busia, aliyerudi Nairobi na kuanzisha kituo cha mafunzo ya teknolojia, ACTS, mwaka 1988, kisha akafundisha Harvard hadi alipofariki Desemba 2017. Msomi wa Kenya asidhani kwamba anaazima taaluma ya wageni. Waliotutangulia walishiriki kuijenga.

Kwa muda mrefu watafiti walihesabu mitambo na hataza tu, huduma wakaziacha kama mkia wa viwanda. Watafiti kama Ian Miles wa Manchester ndio walioonyesha kwamba huduma nazo hubuni, kwa njia zake. Sisi ushahidi tunao mfukoni. M-Pesa ilijaribiwa mwaka 2005 kama njia ya kulipa mikopo midogo, ikazinduliwa Machi 2007 kama njia ya kutuma pesa kwa simu. Simu zilikuwapo tayari, maduka pia. Na kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hulipita haraka: Benki Kuu iliiruhusu huduma hiyo ianze huku ikiifuatilia, na Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ikaja mwaka 2011. Uamuzi huo wa kuruhusu kwanza ulikuwa sera ya ubunifu, tena sera nzito, miaka kadhaa kabla ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013.

Sehemu ya tatu ya kitabu inahusu kuona mbali, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Sisi Abagusii tunasimuliwa habari za Sakawa, nabii aliyeonyesha pale Getembe mahali ambapo majengo ya mji wa Kisii yangesimama, kabla ya mzungu kufika. Mtafiti wa kuona mbali hafanyi kazi hiyo. Yeye hatangazi kesho moja. Huweka mezani kesho kadhaa zinazowezekana, ili watu wajadiliane na kuchagua. Mwaka 2000 taasisi ya masuala ya uchumi, IEA, na chama cha maendeleo ya kimataifa, SID, walitoa picha nne za Kenya ijayo. Ya kwanza waliiita El Niño, nchi isiyorekebisha chochote. Ya pili Maendeleo, uchumi ukitangulia. Ya tatu Katiba, taasisi zikitangulia. Ya nne ilipewa jina la mabukini wanaoruka pamoja, uchumi na taasisi zikienda sambamba. Miaka 10 baadaye tulipata katiba mpya. Sidai kwamba picha zile ziliileta. Nasema ziliwapa watu lugha ya kubishania kesho yao.

Lugha hiyo tunaihitaji sasa katika chai. Mei 2023 mashine za kuchuna majani zilichomwa moto Kericho, wakazi wakilalamikia kazi zao. Juma alikuwa ameandika kitabu kizima mwaka 2016 kuhusu upinzani wa namna hii, akaeleza kwamba mara nyingi watu hawapingi upya wenyewe, wanapinga hasara wanayoona itawaangukia wao huku faida ikienda kwingine. Kwangu, kuleta mashine kabla ya kukaa na wachunaji ni sera mbovu, hata kama mahesabu ya gharama ni sahihi.

Kwa hiyo usianze kitabu hiki katika sura ya kwanza. Nenda alasiri kwenye kituo cha majani kilicho karibu nawe, au cha maziwa, au soko la ndizi la Keroka. Chukua daftari. Uliza ni nani aliyepima, nani aliyebeba, nani aliyekopesha, na lori likichelewa hasara ni ya nani. Ukirudi na majibu, fungua ukurasa unaofuata.