Nani Amemwuliza Msichana?

Mwalimu mmoja niliyemfunza isimu miaka iliyopita alinieleza habari za msichana wa kidato cha tatu ambaye huanguka darasani, akatetemeka na kupoteza fahamu. Alipimwa umeme wa ubongo akiwa katika hali hiyo, ikabainika kuwa anguko lile halikuwa la kifafa. Aliporejea shuleni, chumba cha walimu kilitoa hukumu: "Kumbe anajifanya!"

Hukumu hiyo ni dhuluma. Yapo maanguko yanayoshabihi kifafa ilhali hayatokani na msukosuko wa umeme ubongoni, bali aghalabu na dhiki ya nafsi. Mgonjwa hayapangi wala hawezi kuyazuia. Dawa za kifafa hazimfai. Humfaa tiba ya mazungumzo. Isitoshe, mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2018 ulikadiria kwamba asilimia 22 hivi ya wenye maanguko hayo wana kifafa pia. Kwa hivyo kipimo cha anguko moja hakitoi ushahidi kuhusu yote, na ole wake mwanafunzi atakayetupa vidonge kwa kuwa ameitwa mwongo.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wanaisimu. Mwaka wa 2009 kundi la daktari Markus Reuber wa Sheffield, Uingereza, lilichapisha utafiti ambapo wanaisimu wawili, bila kujua matokeo ya vipimo, walichunguza mazungumzo ya wagonjwa 20 na daktari. Walipatia 17. Mwenye kifafa hujikakamua kueleza alichohisi, akisita, akijisahihisha, akitafuta neno. Yule mwingine hueleza zaidi alikuwa wapi na nani alimwona. Anguko lenyewe hulipita upesi.

Je, ndivyo ilivyo kwa Kiswahili? Kundi hilo liliona pia kuwa kwa Kiingereza wenye kifafa hukitaja mno kama nguvu inayowavamia. Lakini sisi sote husema "nilishikwa", awe na kifafa au asiwe nacho. Lugha imekwisha kutuamulia. Mwanafunzi wa uzamili anayelalamika kuwa mada zimekwisha na aanzie hapo.

Nilimwuliza yule mwalimu msichana mwenyewe husemaje kuhusu maanguko yake. Akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba hakuna aliyemwuliza.