Filamu Moja, Matoleo Mengi: Juu ya Kaseti na Diski za Bunilizi za Kisayansi na Filamu za Kutisha

Mwanafunzi wa fasihi anapopewa kazi juu ya Al-Inkishafi, hapana budi aulize kwanza: ni kwa mswada upi, na kwa mhariri yupi? Shairi hilo la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir limetufikia kwa miswada kadhaa, na idadi ya beti si moja katika yote, wala mpangilio wake. Jambo hilo hatulionei ajabu, kwa kuwa ndio msingi wa kazi yetu. Lakini mwanafunzi huyohuyo akiandika insha juu ya filamu, hutaja jina lake, mwaka wake na mwongozaji wake, akaishia hapo, kana kwamba filamu ni kitu kimoja kisichogeuka popote kinapoonyeshwa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini dhana hiyo haitoshi, hasa kwa filamu zilizoingia majumbani kwa njia ya kaseti za video na, baadaye, za diski. Mifano tumeichota katika bunilizi za kisayansi na filamu za kutisha, kwa sababu filamu za aina hizo hutazamwa na kununuliwa tena na tena na wapenzi wake, na kila mara zinapotolewa upya huwa zimeguswa na mkono wa mtu.

Kabla ya video, filamu ilikuwa kitu cha kupita. Ilioneshwa kwa majuma machache katika majumba ya sinema, kisha makopo yake yakarudi ghalani. Mashine za Betamax zilitoka Japani mwaka 1975 na zile za VHS mwaka 1976, na kwa muda wa miaka kumi hivi desturi ya kutazama ikabadilika kabisa. Tarehe 25 Juni 1982 filamu mbili zilianza kuonyeshwa Marekani siku moja: Blade Runner ya Ridley Scott na The Thing ya John Carpenter. Zote mbili hazikupata mapato yaliyotarajiwa, na wahakiki wengi walizipokea kwa ukali. Leo zote mbili huhesabiwa miongoni mwa filamu kuu za aina yake. Kilichozifikisha hapo kwa sehemu kubwa ni kaseti: watu walizikodi, wakazirudia, wakasimamisha picha, wakabishana. Filamu ikawa na msomaji anayeweza kurudi nyuma ukurasa mmoja.

Lakini je, alichokuwa akikisoma ni kile kilichotengenezwa? Tuangalie kwanza ufundi wenyewe. Picha ya Blade Runner ni pana, upana wake ukiwa karibu mara mbili na nusu ya kimo chake, ilhali kioo cha televisheni za zamani kilikuwa karibu mraba, upana ukizidi kimo kwa theluthi moja tu. Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuacha mapande meusi juu na chini ya picha, ili picha yote ibaki. Ya pili ni kujaza kioo na kukata pembeni, na hii ndiyo iliyopendelewa na wauzaji wengi wa kaseti. Fundi aliketi mbele ya mashine akaamua ni sehemu gani ya picha mtazamaji ataiona. Penye wasemaji wawili, mmoja kushoto na mwingine kulia, alisogeza picha kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na hivyo kuongeza mwendo ambao mwongozaji hakuuamuru kamwe. Kwa picha pana kiasi hicho, zaidi ya asilimia 40 ilipotea. Katika filamu za kutisha hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana hofu aghalabu hukaa ukingoni. Katika Halloween (1978), ambayo Carpenter aliipiga kwa picha pana, muuaji husimama mara kwa mara pembeni, akiwa haonwi na mhusika ila na mtazamaji. Ukikata ukingo, umemwondoa.

Hata muda hubadilika. Filamu hupita mbele ya taa kwa picha 24 kila sekunde. Televisheni ya mfumo wa PAL hutumia picha 25. Kwa hiyo, katika kaseti nyingi za mfumo huo, filamu ya dakika 117 humalizika kwa dakika 112 hivi, na sauti za waigizaji hupanda kidogo. Tumewahi kusoma insha zinazodai kwamba dakika tano zimefyekwa na wakaguzi, kumbe hakuna kilichofyekwa.

Hayo ni mabadiliko ya chombo. Yapo mengine yanayogusa maana, na hapa Blade Runner inastahili kuchunguzwa kwa kirefu. Imetokana na riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968. Mwandishi huyo alifariki Machi 1982, kabla filamu haijatolewa. Mhusika mkuu, Deckard, ni mtu anayeajiriwa kuwasaka na kuwaua binadamu wa kutengenezwa waliotoroka na kuja duniani. Filamu ilipojaribiwa mbele ya watazamaji katika miji ya Denver na Dallas, wengi walitatizwa. Wenye fedha wakaamuru mambo mawili: Deckard asimulie habari kwa sauti yake juu ya picha, na mwishoni aondoke na mpenzi wake wakipita katika milima yenye kijani kibichi. Baadhi ya picha za milima hiyo hazikupigwa kwa ajili ya filamu hii hata kidogo. Zilikuwa masalio ya The Shining (1980) ya Stanley Kubrick. Toleo lililopelekwa nchi za nje lilikuwa na ukatili zaidi kidogo, nalo ndilo Wamarekani wenyewe walilolipata kwa muda mrefu katika video.

Mwaka 1990 nakala ya majaribio, isiyo na mwisho ule wa furaha na karibu isiyo na masimulizi yale, ilionyeshwa Los Angeles bila kutarajiwa. Watu wakamiminika kuitazama. Matokeo yake ni toleo la mwaka 1992 lililoitwa la mwongozaji. Masimulizi yaliondolewa, milima ikaondolewa, na ikaingizwa ndoto fupi ya Deckard akimwona farasi mwenye pembe moja akikimbia msituni. Ndoto hiyo ni ya sekunde chache tu. Lakini mwishoni mwa filamu Deckard huokota mlangoni kwake farasi mwenye pembe moja aliyekunjwa kwa karatasi na askari mwenzake. Pasipo ndoto, karatasi ile ni salamu tu: nilipita hapa. Pakiwepo ndoto, swali linazuka: askari yule ameijuaje ndoto ya mwenzake, kama si kwa sababu ndoto hiyo ilitengenezwa na kutiwa kichwani mwake? Basi huenda msakaji naye ni wa kutengenezwa. Wanafunzi wawili, mmoja akiandika kwamba Deckard ni binadamu na mwingine kwamba si binadamu, wanaweza wote kuwa wamesoma matini yao sawasawa. Kosa lao ni kutotaja matini yenyewe.

Mwaka 2007 Scott alitoa toleo jingine, ambalo alisema ndilo la mwisho, na humo uso wa mwigizaji Joanna Cassidy ulibandikwa juu ya ule wa mwanamke aliyemwakilisha katika tukio la hatari miaka 25 kabla. Jambo la kusifiwa ni kwamba seti ya diski tano ya mwaka huo iliyaweka matoleo matano pamoja, kuanzia nakala ya majaribio. Huo kwa hakika ni uhariri wa kitaalamu, hata kama ulifanywa na kampuni ya biashara: msomaji anapewa tofauti zote, naye ahukumu.

Si kila mara mambo yalikwenda hivyo. Maneno “toleo la mwongozaji” yamegeuka kuwa chapa ya kuuzia. Alien (1979) ilipotolewa upya mwaka 2003 kwa jina hilo, Scott mwenyewe alieleza kwamba aliridhika na ile ya 1979. Mfano mgumu zaidi ni Star Wars (1977) ya George Lucas. Mwaka 1989 iliwekwa miongoni mwa filamu 25 za kwanza katika Daftari la Filamu la Taifa la Marekani. Lakini mwaka 1997 Lucas aliitoa ikiwa imeongezwa viumbe na mandhari, na tukio moja la baa, ambamo Han Solo alimpiga risasi adui yake bila kungoja, likageuzwa ili adui ndiye aanze. Tukio hilo lilibadilishwa tena mwaka 2004, na tena mwaka 2019. Filamu ya 1977 ilitolewa katika DVD mwaka 2006 kama nyongeza tu, kwa picha iliyotokana na diski za leza za mwaka 1993, duni kuliko ile ya toleo jipya. Watazamaji wa London walipoonyeshwa nakala halisi ya 1977 katika tamasha la British Film Institute mwezi Juni 2025, ilikuwa habari ya magazeti. Mwandishi ana haki ya kusahihisha kazi yake, hilo hatulipingi. Tunachokiona kuwa hatari ni mwandishi kuwa pia mtunza ghala, akawa na uwezo wa kuificha nakala ya kwanza ambayo watu waliipenda na historia ikaiandika.

Sheria nayo ni mhariri. Night of the Living Dead, yaani usiku wa wafu walio hai, ilitengenezwa na George A. Romero karibu na Pittsburgh na kutolewa mwaka 1968, shujaa wake akiwa mwigizaji mweusi, Duane Jones. Jina lake la awali lilikuwa jingine. Msambazaji alipolibadilisha, tangazo la hakimiliki lililokuwa kwenye ubao wa jina likaachwa, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ikawa mali ya kila mtu. Enzi ya video ilipofika, aliyetaka aliiuza. Kaseti zake zikaenea kupita kiasi, nyingi zikiwa nakala ya nakala, nyeusi na zenye kelele. Mwaka 1986 ikatiwa rangi. Baadaye ikaongezwa hata matukio mapya ambayo Romero hakuyaongoza. Ndipo mwaka 2016 Museum of Modern Art ya New York na The Film Foundation wakaisafisha upya. Upotevu wa mstari mmoja wa maandishi uliwanyima watengenezaji fedha nyingi, lakini pia uliifikisha filamu kila mahali. Wafu wanaotembea, ambao leo wamejaa katika sinema za ulimwengu mzima, wanadaiwa sana na uzembe huo.

Uingereza ilikwenda njia ya kinyume. Mwanzoni kaseti hazikuhitaji kukaguliwa. Zilipozua hofu magazetini, filamu kama The Evil Dead (1981) ya Sam Raimi zilifikishwa mahakamani, na Sheria ya Video ya mwaka 1984 ikalazimisha kila kaseti ipimwe. The Evil Dead haikupatikana huko bila kukatwa mpaka mwaka 2001. (Mwaka 2009 iligunduliwa kwamba serikali haikuwa imeiarifu Tume ya Ulaya kuhusu sheria hiyo kama ilivyopaswa, ikabidi ipitishwe upya mwaka 2010.) Kwa hiyo Mwingereza na Mmarekani wa miaka ile, wakizungumza juu ya filamu hiyo, hawakuwa wamekiona kitu kimoja.

Sasa tugeukie upande wetu. Katika Afrika ya Mashariki kaseti ya kigeni ilipata mhariri wa namna ya pekee, yaani msimulizi. Jijini Dar es Salaam msimulizi aliyejulikana kwa jina la Lufufu alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kwanza kwa kipaza sauti mbele ya watazamaji, kisha kwa kurekodi sauti yake juu ya kaseti ambazo watu walizinunua na kuzikodi. Nchini Uganda wenzake wa fani hiyo hutumia Kiganda. Haifai kuiita kazi hii tafsiri tu. Msimulizi hueleza, huonya, hutania, huwasemesha wahusika wote kwa sauti yake moja, na huongeza maarifa ambayo filamu yenyewe haina. Ni fani ya masimulizi ya Kiswahili, ikitumia picha za watu wengine jinsi mtambaji anavyotumia mkono na uso wake.

Kwa wataalamu wa Kiswahili, kaseti hizo ndizo matini asilia. Maabara ya ng’ambo inaweza kuirudishia filamu rangi zake za kwanza, lakini sauti ya msimulizi haimo katika kopo lolote la studio. Imo katika utepe wa sumaku, na utepe huo huota ukungu penye unyevu na kupoteza unga wake kila unapochezwa. Anayeupata leo afanye mambo machache: aunakili kwa kompyuta kabla ya kuutazama mara ya pili, aandike jina la msimulizi, mahali uliponunuliwa na maneno yote yaliyo kwenye karatasi ya ganda, hata yale ya mkono, apime muda wake, akikumbuka ile tofauti ya picha 24 na 25, na aonyeshe ni wapi picha imekatwa au kusimamishwa ili kumpa msimulizi nafasi. Ganda nalo litunzwe pamoja na utepe wake, kwa maana tarehe pekee ya toleo mara nyingi huwa ni ile iliyoandikwa hapo kwa kalamu na mwenye duka.