Tanzania haipo kwenye orodha: Kwa nini mcheza gemu wa Kilosa anadanganya nchi yake

Washa PlayStation 4 au 5 ukiwa Kilosa mjini, au Mikumi pale kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa. Iunganishe na intaneti ya simu, anza kufungua akaunti. Utakwama mapema tu. Mashine inataka uchague nchi unayoishi. Unashusha orodha hadi herufi T: Taiwan ipo, Thailand ipo. Tanzania hakuna.

Siyo hitilafu ya mashine. Huduma ya mtandao ya PlayStation, maarufu kama PSN, ilianza mwaka 2006, na kusini mwa Jangwa la Sahara nchi inayotambulika ni Afrika Kusini peke yake. Kenya haimo, Uganda haimo. Kwa hiyo kijana wa Kilosa anafanya kile wanachofanya wenzake wa Dar na Nairobi: anachagua Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, anabuni anwani, gemu inaanza.

Uongo wenye gharama

Nchi ukishaichagua haibadiliki tena kwenye akaunti hiyo. Ukisema unaishi Marekani, duka lako ni la dola, na kadi za zawadi unazoweza kuingiza ni za Marekani tu. Ya Uingereza haiingii hata ukilia. Kadi ya benki ya hapa nyumbani, au ile ya mtandaoni ya kampuni ya simu, inaweza kukataliwa kwa sababu nchi hazilingani.

Kibaya zaidi, masharti ya Sony yanataka utoe taarifa za kweli. Maana yake gemu zote ulizonunua kwa pesa yako halali zimekaa kwenye akaunti iliyojengwa juu ya uongo mdogo, na siku kampuni ikiamua kuukomalia uongo huo, huna pa kujitetea.

Hili huwezi kuliona kwenye uhakiki wa gemu. Wahakiki wa Ulaya na Marekani wanatoa 9 kati ya 10 kwa picha, sauti, hadithi na namna gemu inavyochezeka. Hakuna maksi za "je, nikiwa Mikumi nitaruhusiwa kuinunua?"

Wikendi moja ya Mei 2024

Kwa siku chache, dunia nzima ya gemu iliijua ishu hii. Chanzo kilikuwa Helldivers 2, gemu ya kikosi cha watu wanne wanaopambana na midudu na maroboti. Ilitengenezwa na Arrowhead ya Sweden, ikachapishwa na Sony, na ilitoka 8 Februari 2024 kwa PlayStation 5 na kompyuta.

Watu wa kompyuta waliinunua kupitia Steam, duka ambalo Mtanzania anafungua akaunti bila kudanganya, japo bei zake ni za dola. Kuunganisha gemu na akaunti ya PSN kulitakiwa kuwa lazima tangu mwanzo. Lakini wachezaji walifurika, seva zikaelemewa, na sharti hilo likawekwa pembeni kwa muda.

Ijumaa ya 3 Mei, Sony ikatangaza kwamba muda huo umekwisha. Mchezaji mpya angelazimika kuunganisha akaunti kuanzia 6 Mei, na wa zamani alipewa mwisho wa 4 Juni. Sababu iliyotolewa ni usalama: kuwapata na kuwafungia wanaonyanyasa wenzao. Siyo sababu ya kipuuzi. Aliyewahi kutukaniwa mama yake na mtu asiyemjua katikati ya mechi ataielewa.

Shida ni kwamba gemu ilishauzwa kwenye nchi ambazo PSN haipo. Mtu amelipa karibu dola 40, amecheza miezi mitatu, halafu anaambiwa afungue akaunti ambayo nchi yake haipo kwenye orodha. Wikendi hiyo hiyo gemu ikaondolewa Steam katika nchi na maeneo 177. Tanzania ni mojawapo.

Wachezaji wakajibu kwa silaha waliyokuwa nayo: maoni. Kwenye Steam mnunuzi anaweka dole gumba juu au chini, na hesabu hiyo inaonekana na kila anayefikiria kununua. Ndani ya siku chache maoni hasi yalipita 200,000. Bosi wa Arrowhead wakati huo, Johan Pilestedt, alikiri hadharani kwamba naye anabeba sehemu ya lawama. Kufikia 6 Mei, Sony ikaandika kwenye mtandao wa X kwamba mpango umefutwa.

Ushindi? Kwa aliyekuwa tayari na gemu, ndiyo. Aliendelea kucheza kama kawaida.

Asiyenunua hapigi kura

Lakini Steam inamruhusu kuandika maoni mtu mwenye gemu tu. Ni utaratibu mzuri, unazuia wapita njia kuchafua kazi za watu. Sasa mfikirie kijana wa Mikumi aliyekuwa anadunduliza dola zake, na hadi 3 Mei hajanunua. Sony ilipofuta mpango, gemu haikurudishwa sokoni papo hapo kwenye zile nchi 177. Hakuweza kununua, kwa hiyo hakuweza kuweka dole gumba chini. Kelele zilipotulia, yeye alibaki pale pale.

Hata wale wenye PlayStation hawaonekani. Kwenye vitabu vya kampuni kijana wa Kilosa ni raia wa Johannesburg au Texas. Akinunua gemu, Tanzania haipati hesabu. Uongo unaomwingiza dukani ndio unaofanya ionekane kana kwamba hapa hakuna wateja. Na siyo kwamba Sony haijasikia habari za Afrika: Januari 2024, miezi minne kabla ya sakata hili, mfuko wake wa uwekezaji uliweka pesa kwenye Carry1st, kampuni ya gemu za simu ya Cape Town.

Bandani bado CD

Kwenye mabanda ya gemu mambo ni tofauti, kwa sababu pale mfalme ni mpira. Unalipa, unashika pedi, ukifungwa unampisha mwenzako. CD inachezeka bila akaunti yoyote, inakopeshwa, inauzwa tena, inatumwa kwa basi kutoka Kariakoo.

Ndiyo maana mjadala mkubwa wa Ulaya kuhusu EA kuachana na jina la FIFA, uliotangazwa Mei 2022, huku ulipita kimya. Gemu inaitwa EA Sports FC tangu Septemba 2023, bandani bado ni "FIFA". Kinachouma ni usajili. FIFA 23 bila intaneti inamwacha Messi PSG na Bellingham Dortmund milele.

Uamuzi wa kuogopa ni mwingine. PlayStation 5 ya kidijitali ilitoka 2020 bila sehemu ya kuweka CD. PS5 Pro ya Novemba 2024 nayo ikaja hivyo hivyo, kwa karibu dola 700, kisoma CD unanunua pembeni. Wahakiki wengi waliilalamikia bei. Kwa mwenye banda, kukosa CD ni suala la biashara nzima: kila gemu itabidi ipitie duka ambalo nchi yake haimo.

Kwenye simu hali inageuka. Konami ilipoiua PES na kuleta eFootball, 30 Septemba 2021, ilichekwa. Sura za wachezaji zilivurugika, na kwenye Steam ikashika mkia kwa maoni mabaya. Walioiponda walikuwa sahihi. Ila eFootball ni ya bure, na simu yenye akaunti ya Tanzania inaipakua bila kuulizwa kama unaishi Cape Town. Imerekebishwa sana tangu hapo, na bando likiwepo, mechi inachezwa.

Januari 2025 Sony ilitangaza kwamba kwa baadhi ya gemu zake za kompyuta, ikiwemo God of War Ragnarök, akaunti ya PSN si lazima tena. Tangazo hilo halikugusa PlayStation yenyewe.

Kwa hiyo anayenunua CD ya PlayStation aangalie kwanza ilitengenezwa kwa soko la wapi. Nyongeza zake za mtandaoni, kama vifurushi vya wahusika au ramani mpya, zinakubali tu zikitoka kwenye duka la eneo hilo hilo. CD ya soko la Ulaya na akaunti ya Marekani haziongei.