MWILI NI AMANA: JAWABU KWA WASEMAO "SINA NAFASI"



Mwaka juzi, siku moja asubuhi, nilishuka daladala Temeke Mwisho nikaenda kwa miguu mpaka chuoni kwangu. Masafa yale si makubwa. Mtoto wa miaka saba huyamaliza huku akiruka-ruka. Nilipoketi mkekani ili nianze kusomesha, sauti ilikataa kutoka. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka, na jasho likinitiririka mpaka kwenye kola ya kanzu. Mwanafunzi mmoja mdogo akaniuliza kwa adabu zake zote: "Maalim, umefukuzwa na mbwa?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini nikajua kuwa kuna jambo.

Wiki ile ile nilikwenda zahanati. Mganga, kijana wa umri wa mwanangu, akanipima presha mara mbili, kisha akatikisa kichwa. Akaniandikia dawa, akanihimiza nipunguze chumvi, na mwisho akasema: "Na kila siku utembee nusu saa, shekhe wangu." Nikamjibu: "Mwanangu, nusu saa nitaipata wapi? Asubuhi chuo, mchana shughuli za riziki, jioni chuo tena, na usiku darsa." Akanitazama kwa upole akasema: "Kama nusu saa ya kutembea haipo, je, wiki mbili za kulazwa utazitoa wapi?"

Sikuwa na jawabu. Na neno hilo la kijana yule ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

MWILI UNA HAKI YAKE

Sisi walimu wa vyuo hupenda kuwakumbusha watu haki za jirani, haki za wazazi na haki za yatima. Ni mara chache mno tunapotaja haki ya mwili. Na hali Mtume wetu (s.a.w.) alipopata khabari ya Abdullah bin Amr, kijana aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha katika ibada, hakumsifu kwa jambo lile. Alimkataza kupita kiasi, akamfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake, na jicho lake lina haki, na mkewe ana haki. Tazameni, ndugu zangu: ikiwa hata ibada haikuruhusiwa kuudhulumu mwili, itakuwaje uvivu wetu na sahani zetu?

Kadhalika tumesoma kuwa Mtume alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha. Mara ya kwanza Bibi Aisha akamshinda, na baada ya muda, alipokwisha nenepa, akashindwa yeye. Tumesoma pia kuwa alipanga mashindano ya farasi, na kuwa Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina naye akiwatazama wala asiwafukuze. Basi anayedhani kuwa mchezo na mazoezi ni mambo ya watoto au ya wasiokuwa na dini, na arejee vitabuni.

TULIIACHA WAPI MCHAKAMCHAKA?

Sisi tuliosoma shule za msingi zamani hatukuwa na haja ya kuambiwa na mganga. Asubuhi, kabla ya kuingia darasani, tulipangwa mistari tukapigishwa mchakamchaka: mbio za polepole, nyimbo na makofi, vumbi likitimka. Tukirudi nyumbani, wavulana tulicheza chandimu kwa mpira wa matambara, na wasichana wakicheza rede na kuruka kamba. Maji tuliyachota mbali, kuni tuliziokota, na sokoni tulikwenda kwa miguu. Hapakuwa na mtu aliyeyaita hayo mazoezi. Yalikuwa ndiyo maisha yenyewe.

Leo maisha yamegeuka. Kutoka nyumbani mpaka kituoni tunapanda bodaboda, hata kama ni mwendo wa dakika nane. Kazi nyingi ni za kukaa: dukani tumekaa, ofisini tumekaa, na sisi walimu mkekani tumekaa. Jioni tunakaa barazani, kila mtu na simu yake. Na viwanja navyo vimepungua. Pale tulipochezea sisi, leo pana nyumba na fremu za maduka. Wakazi wa Tandika wanaijua thamani ya uwanja wa Mwembe Yanga, na wa Kinondoni wanaijua thamani ya Biafra, kwa kuwa nafasi za wazi kama hizo si nyingi tena.

Na matokeo yake yako wazi. Uchunguzi uliofanywa nchini kwetu mwaka 2012, miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu, na takriban 9 katika kila mia walikuwa na kisukari. Wala si kwetu peke yetu: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2022 watu wazima 31 katika kila mia ulimwenguni hawakuwa wakiushughulisha mwili kwa kiasi kinachotakiwa. Zamani tukiyaita magonjwa haya ya matajiri. Leo yamepanga chumba Mbagala na Manzese.

NAFASI IKO WAPI?

Hebu tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kiasi ambacho Shirika hilo limekiwekea watu wazima ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kadiri, yaani mwendo ambao mtu aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba kwa raha. Kwa siku tano, dakika 150 ni nusu saa kila siku. Siku nzima ina dakika 1,440. Basi nusu saa ni sehemu moja tu katika sehemu 48. Na watoto kuanzia miaka 5 hadi 17 wanahitaji saa moja kwa siku kwa wastani, jambo ambalo tukiwaachia kiwanja watalitimiza wenyewe bila ya kuamrishwa.

Tena sisi Waislamu tumefanyiwa wepesi ambao wengine hawana. Siku yetu imekwisha kugawanywa mafungu kwa sala tano. Asiyekuwa na ratiba ndiye apotezaye nafasi. Sisi ratiba tunayo, adhana ndiyo kengele yake. Lililobaki ni kuyafungamanisha mazoezi na sala.

Mimi nilifanya hivi. Baada ya sala ya alfajiri nilikuwa na desturi ya kurudi kitandani. Nikaiacha. Nikawa natoka msikitini, nakwenda dakika kumi upande mmoja na kurudi dakika kumi, huku nikipitia moyoni sura ninazozihifadhi. Juma la kwanza magoti yaliniuma, na siku mbili nilidanganya nafsi yangu kuwa mvua itanyesha. Mwezi wa pili nikatimiza nusu saa. Siku za masika, njia zinapojaa maji, hutembea ndani ya msikiti baada ya watu kuondoka, ukuta hadi ukuta. Katika Ramadhani huhamishia matembezi yangu baada ya tarawehe, kiu ikiwa imekwisha.

Wala sikununua kitu. Watu hudhani kuwa mazoezi ni lazima yawe na jimu ya kulipia na viatu vya bei. Mwili haujui bei ya kiatu.

Nami naongeza tahadhari. Mwenye maradhi ya moyo, presha au kisukari na amuulize mganga wake kwanza, aanze kidogo kidogo, wala asiache dawa kwa sababu ameanza kutembea. Anayetumia dawa za kushusha sukari achukue kitu kitamu mfukoni. Na wote tujihadhari na magari, khasa penye giza. Avaaye nguo nyeupe huonekana zaidi.

VIKUNDI VYA MBIO

Msomaji akaaye Temeke au Kinondoni havimpitii vikundi vya mbio za polepole, ambavyo vijana wanaviita jogging. Siku za mwisho wa juma, asubuhi mapema, huwaona wamevaa fulana za rangi moja wakikimbia kwa kuimba. Kwa hakika hiyo ndiyo mchakamchaka yetu iliyorudi kwa jina jingine. Baadhi yao huchangiana wakati wa msiba na maradhi, na hilo ni jema juu ya jema. Serikali nayo ilisaidia: mwezi wa Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza wananchi kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi.

Nawaambia vijana wetu: ingieni katika vikundi hivyo, lakini ingieni na adabu zenu. Salini alfajiri kwanza ndipo mtoke. Msizibe njia mkamzuia mgonjwa anayepelekwa hospitali. Na nyimbo chafu muziache. Pumzi ni zenu, na maneno mema hayazidi uzito kuliko maovu. Mkiona kikundi hakifai, undeni chenu msikitini kwenu. Watu watano wanatosha.

"MIMI NINA NINI?"

Nafika sasa kwenye jambo lililonitia haya. Nilipokuwa nimekwisha pata nafuu, nilikaa na mke wangu nikamsimulia kwa furaha jinsi matembezi yanavyonifaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Alhamdulillahi, Baba watoto. Wewe una barabara. Mimi nina nini?"

Nikanyamaza. Mama huyu huamka kabla yangu, hulala baada yangu, na sukari yake imepanda tangu mtoto wetu wa mwisho. Na mimi, maalim, nilikuwa nimeuhesabu mwili wangu kuwa amana na kuusahau wake. Tena nakiri kuwa binti zetu tuliwakataza rede walipofika miaka kumi na mbili, wala hatukuwapa kitu badala yake. Tulisema ni stara. Lakini stara ni vazi na mwenendo. Kukaa bila ya kujongea si stara.

Tulishauriana. Mke wangu na majirani watatu sasa hutoka pamoja kukipambazuka, wamejistiri na mitandio yao, wakazunguka mitaa ya karibu kwa mwendo wa haraka na kurudi kabla ya chai. Mabinti wanaruka kamba uani, na Alkhamisi jioni, chuo kikifungwa, uwanja wetu mdogo ni wao peke yao. Wapo wazee walionung'unika. Nikawasomea khabari ya Bibi Aisha, wakanyamaza. Mmoja wao juma lililofuata alimleta mjukuu wake.

Wala hatukuwa wa kwanza. Katika kijiji cha Nungwi, kaskazini ya Unguja, wasichana wa Kiislamu wamefundishwa kuogelea na walimu wanawake, wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima. Watu wa kisiwani, waliozungukwa na bahari, waliona kuwa kumwacha binti asijue kuogelea ni kumwacha karibu na mauti. Basi penye nia, dini haikuwa kizuizi.

MAPENDELEO YA MOYO

Si kila mtu atakimbia, wala si kila burudani ni ya miguu. Mzee mwenye magoti mabovu ana bao lake, na bao hunoa akili. Mwingine hufuga njiwa, mwingine hupanda mchicha na mabungo ya maua katika ndoo kuukuu, mwingine hushona kofia za viua, na kijana mwenye mkono mwepesi hujifunza khati. Mambo haya huutuliza moyo na kumzuia mtu asishinde katika kusengenya. Mume na mke, ulizaneni: kila mmoja wenu hupenda nini? Nyumba nyingi hazijapata kuliuliza swali hili.

Lakini kuna mawili ya kutahadhari nayo. La kwanza ni kutazama badala ya kucheza. Watu ishirini na wawili wanatoka jasho uwanjani, na maelfu wameketi katika vibanda umiza wakitafuna na kupiga kelele, kisha wanasema: "Sisi ni wanamichezo." Ipende Simba au Yanga, lakini miguu yako nayo ina haki ya kuuona mpira. La pili, na baya zaidi, ni kamari iliyojipenyeza katika mpira. Kijana aliyeanza kwa mapenzi ya timu leo anauza simu yake kwa ajili ya mkeka wa kubeti. Hiyo si burudani tena. Ni haramu, na ni wizi wa chakula cha watoto.

KIDOGO KINACHODUMU

Mtume ametufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ni ndogo. Mkitaka mfano wa kudumu katika michezo, mtazameni Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika mbio ndefu za Olimpiki za Rio. Mwaka 2017 akapata nishani ya shaba London. Na ikamchukua miaka minane mingine mpaka Septemba 2025, Tokyo, akawa bingwa wa dunia. Baada ya kilomita zaidi ya 42 alimshinda mwenzake kwa sehemu tatu tu katika mia za sekunde moja, yaani chini ya kufumba na kufumbua. Watu waliona hatua ile moja ya mwisho. Hawakuziona asubuhi za miaka yote ile.

Mimi sitakimbia Tokyo. Presha yangu haijaondoka, na dawa ningali nazimeza. Sitaki kumdanganya msomaji. Ila mganga amenipunguzia kidonge kimoja, na ninapofika chuoni ninaanza kusomesha papo hapo.

Basi, ewe ndugu yangu, na ewe dada yangu, usingoje mwaka mpya wala viatu vipya. Kesho, ukimaliza sala ya alfajiri, usirudi kitandani. Toka, tembea dakika kumi, urudi dakika kumi. Na kabla hujatoka, muulize mwenzio wa nyumbani: "Na wewe, utapata wapi nafasi?"

Mwenyezi Mungu atupe afya, na atuwezeshe kuitumia katika yale anayoyaridhia. Amin.