Nani Aseme kwa Niaba ya Ofisi?



Tangazo la bei linalobandikwa ubaoni ghalani huwa na saini na mhuri. Siku hizi habari hizo hupita pia katika makundi ya WhatsApp, nazo hufika Maparoni, Kiongoroni na Mbuchi kabla boti haijang'oa nanga Nyamisati. Wepesi huo ni msaada mkubwa kwa vijiji vya delta. Hata hivyo, ujumbe wa simu mara nyingi hauna mwenyewe wa kuulizwa. Hivyo basi, ofisi za Halmashauri, na vyama vyetu vilevile, zinahitaji kanuni zilizoandikwa kuhusu matumizi ya mitandao ya kijamii kazini.

Tuchukue mfano wa ufuta na korosho. Bei ya mnadani siyo fedha kamili inayomfikia mkulima, kwa kuwa makato hutangulia. Mtumishi akituma bei ya mnada peke yake, siku ya malipo mkulima atadhani ameibiwa. Akisambaza uvumi kwamba bei imeanguka, mkulima mwenye hofu atauza kwa kangomba, na hasara hiyo hairudi. Wakati wa mafuriko, kama yale ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti, taarifa ya uongo yaweza kugharimu hata maisha.

Kanuni nzuri ina mambo manne. Kwanza, itaje kwa cheo ni nani anayetoa taarifa za ofisi. Pili, ilinde siri: orodha ya wakulima yenye namba za akaunti isitumwe katika kundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yadai uangalifu huo. Tatu, itenganishe maoni ya mtumishi na kauli ya ofisi. Nne, ieleze namna ya kusahihisha: kosa likitokea, sahihisho litumwe siku ile ile, katika kundi lile lile. Kufuta kimya kimya hakutoshi, maana waliokwisha kusoma watabaki na uongo.

Yafaa ikumbukwe kwamba kanuni siyo kufuli la mdomo. Mwanachama anayeuliza hesabu za chama chake anatumia haki yake, naye ajibiwe kwa takwimu, asitishwe.

Aidha, kanuni isishushwe kama amri. Watumishi wasomewe rasimu na kutoa maoni yao. Kisha katika chama ipitishwe na Bodi na kuelezwa katika Mkutano Mkuu. Namba ya simu na nywila za kurasa ni mali ya ofisi. Katibu anapoondoka, azikabidhi kwa maandishi pamoja na funguo za ghala.

Kila Katibu auweke mwandiko wa rasimu hiyo mezani katika kikao kijacho cha Bodi, kabla msimu wa mauzo haujafunguliwa.