Komredi, kabla HELB haijaisha kwa klabu, fika Thimlich na Rusinga

Ijumaa jioni, iwe Rongo au Homa Bay, mambo ni yale yale. HELB ikiingia, klabu zinajaa na ohangla inapigwa hadi majogoo. Isipoingia, makomredi wanajifungia hosteli, wengine wakisuka mkeka wa mechi za Uingereza wakitarajia nauli ya Jumatatu. Mkeka ukichanika, wiki nzima ni madeni kwa mama wa kibanda.

Ukiuliza kwa nini, jibu liko tayari: huku hakuna pa kwenda. Si kweli.

Anza na Kaunti ya Migori. Kilomita kama 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, ngome ya mawe ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2018. Kuta zake zimepita kimo cha mtu, na zimesimama kwa karne kadhaa bila saruji wala udongo wa kuunganishia. Mawe yamepangwa tu, moja likilishikilia jingine. Watalii wanavuka bahari kuja kuiona, ilhali mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo anaweza kumaliza miaka minne bila kufika.

Upande wa Homa Bay, kuna wanaosoma katika Chuo Kikuu cha Tom Mboya na hawajawahi kuona kaburi la Mboya mwenyewe. Liko Kisiwa cha Rusinga, na huhitaji boti: unafika Mbita kwa matatu, kisha unavuka daraja. Jengo la kaburi lina umbo la risasi, kwa kuwa Mboya aliuawa kwa kupigwa risasi Nairobi Julai 5, 1969, akiwa na miaka 38 tu. Miaka 10 awali, alikuwa amechangisha pesa na kuwasafirisha vijana 81 kwa ndege kwenda kusoma Marekani, wengi wao wakiwa hawana uwezo. Ukihangaikia karo, hadithi hiyo inakuhusu.

Kati ya Homa Bay na Mbita kuna pia Mbuga ya Ruma, mahali pekee nchini Kenya unapoweza kumwona swala aitwaye korongo akiwa porini.

Sasa pesa. Usiende peke yako. Mkiwa watano au sita, changeni nauli mapema, siku ile HELB inaingia, kabla klabu haijawapunguzia. Bei ya bodaboda ya kwenda na kurudi ikubalianeni kabla ya kupanda. Bebeni kitambulisho cha taifa na cha chuo, maji na chapati. Ondokeni alfajiri ili giza lisiwakute njiani.

Na ziwa lisikudanganye. Maji ya kando yana kichocho, na viboko hawana urafiki na mtu. Piga picha, kula samaki, lakini usijitose kwa sababu tu wenzako wanarekodi TikTok. Ukipanda boti, vaa jaketi okozi hata kama nahodha anacheka.

Kucheza ohangla si dhambi, cheza. Ila siku ya mahafali mgeni akikuuliza, "Hapa kwenu kuna nini?", uwe na jibu zaidi ya jina la klabu.